Shajara ya mradi: kipindi kisikike hadi Tandahimba

Shajara hii ni ya kikosi kidogo cha TEHAMA katika chuo kimoja chenye makao Dar es Salaam na vituo vya mafunzo mikoani. Tumepewa kozi tatu za masafa: takwimu, sheria na uuguzi. Vipindi vyake virushwe mubashara, virekodiwe, na mwanafunzi aliye mkoani aweze kuuliza na kujibiwa hapo hapo. Ninaiandika kwa ajili ya wenzetu wa vyuo vingine wanaotaka kujenga mfumo kama huu kwa bajeti ya kawaida.

Machi, wiki ya kwanza

Kabla ya kugusa seva tumewapigia simu wanafunzi. Wengi ni watu wazima wenye kazi: walimu wa shule za msingi, wauguzi, makarani wa mahakama. Wanasoma usiku, watoto wakishalala, kwa simu janja ya bei ya chini na bando la siku au la wiki. Kompyuta wanaikuta kituoni, pale wanapopata nafasi ya kufika. Hawa ndio darasa letu, na sitaki uamuzi wowote wa kiufundi uanzie mahali pengine.

Mama mmoja, mwalimu huko Tandahimba mkoani Mtwara, nilimwamkia na kumuuliza anataka nini kwenye kipindi cha mtandaoni. Akasema: "Mwanangu, sura ya mwalimu naweza kuikosa. Sauti ikikatika ndiyo nimekosa somo. Na nikiwa na swali msiniambie niandike barua pepe, maana jibu litanikuta nimeshasahau nilichouliza."

Maneno yake tumeyafanya kipimo cha mradi. Sauti isikatike, na mwanafunzi asikike. Video ije baada ya hapo.

Waliotutangulia walikuwa na kikwazo kimoja kikubwa. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanzishwa 1969, kilirusha masomo kupitia BBC kwa miaka mingi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikajengwa juu ya vitabu vya kozi, vituo vya mikoa na vipindi vya ana kwa ana. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, ambayo makao yake yalihamia Nairobi baadaye. Huko mihadhara ilishuka kwa setilaiti hadi kwenye kumbi za vyuo vya Afrika, na maswali yakarudi kwa simu au barua pepe. Somo lilikwenda kwa njia pana, swali likarudi kwa njia nyembamba. Hata pale swali liliporuhusiwa kupita angani, setilaiti ya aina ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta: sauti ikipanda na kushuka inakula karibu robo sekunde, na jibu linakula robo nyingine. Watu wawili hawawezi kubishana juu ya kanuni ya hisabati kwa mwendo huo bila kukatishana maneno.

Leo tuna nyaya za baharini na minara ya simu karibu kila wilaya. Kikwazo kile kimeondoka kwa sehemu kubwa, kwa hiyo hatuna sababu ya kujenga tena mfumo wa kuongea upande mmoja.

Machi, wiki ya tatu

Mjadala wa leo ulikuwa mrefu, na ulistahili. Uongozi ulituomba "mfumo wa video". Sisi tukaeleza kwamba hizo ni kazi mbili, na zikichanganywa zote mbili zinaharibika.

Ya kwanza ni mkutano wa wavuti. Hapa watu wanaongea, kwa hiyo kitu cha kulinda ni muda. Vivinjari vya kisasa vina WebRTC, teknolojia ya kuongea mubashara ndani ya kivinjari, inayopeleka sauti kwa pakiti ndogo ndogo juu ya UDP, njia ya kutuma data isiyosubiri uthibitisho kwamba imepokelewa. Pakiti ikipotea njiani hairudishwi, kwa sababu neno lililochelewa sekunde mbili halina kazi tena kwenye mazungumzo. Kodeki (programu ya kubana sauti au video) ya Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2012, hujaza pengo hilo kwa kukisia sauti iliyokosekana, na inaweza kubeba ndani ya pakiti inayofuata nakala hafifu ya ile iliyotangulia. Sikio likikosa chembe ndogo ya sauti huwa halijui. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili mazungumzo yaende vizuri. Hiyo ndiyo shabaha yetu.

Ya pili ni kutiririsha. Hapa mtu anatazama na kusikiliza tu, sasa hivi au usiku wa manane, na kitu cha kulinda ni ukamilifu. Teknolojia ya HLS, iliyotolewa na Apple mwaka 2009, hukata video katika vipande vya sekunde chache, na kila kipande husafiri kama faili la kawaida la wavuti. Kipande kikipotea kinaombwa tena. Mtandao ukidhoofika, simu inaomba kipande kinachofuata katika ubora wa chini. Bei yake ni kuchelewa: vipande vikiwa vya sekunde 6 na simu ikikusanya vitatu kabla ya kuanza, mtazamaji yuko sekunde 18 nyuma ya mhadhiri. Mwambie mtu huyo anyooshe mkono, na mhadhiri atakuwa ameshafuta ubao.

Tumekubaliana hivi: anayetaka kuuliza anaingia kwenye mkutano, na anayekosa nafasi, bando au muda anapata tiririsho na rekodi. Darasa moja la mkutano lisizidi watu 100.

Kwa mkutano tumechagua BigBlueButton, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, mwaka 2007. Ni programu huria, imetengenezwa kwa ajili ya kufundishia tangu mwanzo, na inaingia ndani ya Moodle, ambayo wanafunzi wetu wanaitumia tayari kuchukua mazoezi. Mwanafunzi anabofya jina la kipindi na kuingia kupitia kivinjari, bila kupakua chochote.

Machi, wiki ya mwisho

Seva iwe wapi? Kulikuwa na pendekezo la kukodi Ulaya, kwa bei nafuu sana. Nimepinga na nimeeleza sababu kwa maandishi.

Pakiti inayotoka Dar es Salaam kwenda Ulaya na kurudi inakula takriban milisekunde 150 au zaidi. Mhadhiri akiwa Dar na mwanafunzi akiwa Mtwara, kila neno lingevuka bahari kwenda na kuvuka tena kurudi, ilhali wote wawili wako ukanda mmoja wa pwani. Pia Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikauona mtandao ukinyong'onyea. Seva ikiwa hapa nchini, data ya mwanafunzi hubadilishana njia kwenye TIX, kituo cha Dar es Salaam ambako kampuni za intaneti hukutana, na haina haja ya kugusa bahari. Siku wavuti ya nje inapozunguka tu bila kufunguka, kipindi cha takwimu kinaweza kuendelea.

Hoja imekubaliwa. Seva inakaa chuoni: Ubuntu 22.04, kokwa 8 za kichakataji, RAM ya GB 16, kama watengenezaji wa BigBlueButton wanavyoshauri. Poti (milango ya mtandao) za UDP kuanzia 16384 hadi 32768 zimefunguliwa.

Aprili, wiki ya kwanza

Majaribio ya vituo. Mtwara safi. Songea safi. Kwenye kituo kimoja, kilichopanga vyumba ndani ya jengo la taasisi nyingine, watu wanaingia, slaidi wanaziona, sauti hakuna kabisa. Fayawoli (kizuizi cha usalama wa mtandao) ya wenyeji inazuia UDP yote.

Dawa yake ni seva ya TURN. Tumeiweka kwenye mashine yake yenyewe, inasikiliza kwenye poti 443 kwa TLS, poti ile ile ya tovuti zote salama. Kivinjari kikikosa njia ya UDP kinapitisha sauti humo. Inachelewa kidogo zaidi kwa sababu TCP, njia inayotumika humo badala ya UDP, inang'ang'ania kurudisha kila pakiti iliyopotea, lakini mwanafunzi anasikia na anasikika. Atakayejenga mfumo huu asiihesabu TURN kuwa nyongeza. Mitandao ya ofisi, hospitali na hoteli nyingi imefungwa namna hii, na mwanafunzi wetu muuguzi mara nyingi yuko zamu.

Aprili, wiki ya pili

Hesabu ya bando. Huu ndio ukurasa ninaotaka usomwe kuliko yote.

Sauti ya Opus kwa kilobiti 40 kwa sekunde inakula MB 18 kwa saa. Kamera ya mhadhiri kwa kilobiti 200 inakula MB 90 kwa saa. Kushiriki skrini, ambako kila kinachoonekana kwenye kompyuta ya mhadhiri kinageuzwa kuwa video, kukifika megabiti 1 kwa sekunde kunakula MB 450 kwa saa.

Sasa tazama slaidi. Mhadhiri akishiriki skrini ili aonyeshe slaidi zake, mwanafunzi analipia video ya kitu kisichotembea. Akizipakia slaidi zile zile ndani ya BigBlueButton, mfumo unazigeuza kuwa picha, na kila picha inashuka mara moja tu. Mishale na maandishi anayochora juu yake husafiri kama nambari za mistari, uzito wake haufiki popote. Slaidi ni zile zile na somo ni lile lile, lakini aliyepakia amemgharimu mwanafunzi sehemu ndogo ya gharama ya aliyeshiriki skrini. Hakuna kifaa chochote tunachoweza kununua kitakachookoa pesa za wanafunzi kama tabia hii moja ya mhadhiri.

Kamera za wanafunzi ni hesabu mbaya zaidi. Watu 30 wakiwasha kamera zote bila kikomo, kila mmoja anapokea picha 29. Hata kwa kilobiti 100 tu kila picha, hiyo ni megabiti 2.9 kwa sekunde kwa kila simu, yaani GB 1.3 kwa saa moja ya somo. Kwa upande wa seva ni mikondo 870 ya kutoka. Tumefunga kamera za wanafunzi kwenye mipangilio ya kila darasa. Mhadhiri anaweza kumfungulia mtu mmoja pale panapokuwa na sababu, kwa mfano muuguzi anayeonyesha jinsi ya kufunga bandeji.

Mwenzangu wa idara ya ubora aliuliza: "Sasa mhadhiri atajuaje kama mwanafunzi yupo kweli?" Nikamwambia atajua kwa kumuuliza swali. Kamera ingemwonyesha paji la uso na dari ya nyumba, na mwanafunzi angelipia GB nzima kwa ajili hiyo.

Aprili, wiki ya nne

Fedha zilizotengwa kwa kamera ya ukumbini tumeziomba zihamie kwenye maikrofoni, na ombi limekubaliwa.

Ukumbi wetu mkubwa una sakafu ya vigae, madirisha mapana, mapangaboi manne, na paa la mabati upande wa nyuma. Maikrofoni ya kompyuta ikiwekwa mezani inachukua vyote hivyo pamoja na mhadhiri. Kanuni ya sauti ni kali: umbali kutoka mdomoni ukiongezeka mara mbili, sauti ya moja kwa moja inashuka desibeli 6, lakini mwangwi wa ukumbi haushuki. Mhadhiri akipiga hatua tatu kwenda ubaoni, anayebaki kusikika ni ukumbi. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, ikikaa shubiri moja chini ya kidevu, inamaliza tatizo popote atakapotembea. Kodeki nayo inapumua, kwa maana kilobiti zake zinatumika kwa maneno badala ya kelele za pangaboi.

Kanuni ya pili ni ya vituo. Wanafunzi wawili wakiwa chumba kimoja, kila mmoja na kompyuta yake na spika wazi, programu ya kufuta mwangwi inashindwa, kwa sababu kila kivinjari kinafuta sauti ya spika yake tu na hakijui ya jirani. Matokeo ni mlio mkali unaowafukuza watu wote. Kituoni kuwe na spika moja na maikrofoni moja ya chumba, au kila mtu avae hedifoni. Wakuu wa vituo wamepelekewa maelezo haya kwa ujumbe wa sauti, si kwa waraka.

Mei, wiki ya kwanza

Mafunzo ya wahadhiri. Profesa wa takwimu, mzee wetu anayeheshimika na kila mtu hapa, alikaa kimya muda mrefu kisha akasema: "Kijana wangu, mimi nafundisha kwa kutazama macho. Macho yakiniambia hawajaelewa, narudia. Wewe umenifungia macho yao."

Hoja yake ni ya kweli na nimeichukulia hivyo. Tulikaa naye pembeni tukatafuta kitu kitakachofanya kazi ya macho. Tumefika kwenye kura: baada ya kila hatua ngumu anauliza swali la majibu manne, kila mwanafunzi anagusa jibu lake kwenye simu, na mchoro wa majibu unamtokea yeye peke yake. Uzito wake kwenye bando ni kama hakuna. Alipoona jinsi inavyofanya kazi akasema macho hayakuwahi kumwambia ni wangapi hasa hawajaelewa.

Jambo jingine ninalolisisitiza kwa wote: ukiuliza swali, subiri. Sauti inachelewa kidogo, mwanafunzi anatafuta kitufe cha maikrofoni, anayeandika kwenye skrini ndogo anaandika polepole. Ukumbini kimya cha sekunde kumi kinamtisha mhadhiri. Mtandaoni ndizo sekunde ambazo swali linakuja.

Mei, wiki ya tatu

Kipindi cha kwanza cha takwimu kimefanyika: mtawanyiko na mchepuko wastani. Slaidi zimepakiwa, maikrofoni kwenye kola, kamera ya Profesa kwa ubora wa chini.

Kati ya watu waliokuwamo, wachache tu waliunganishwa kupitia TURN. Waliotoka na kuingia tena wengi walikuwa kwenye simu, hasa pale simu ya kawaida ilipowaingilia. Hilo ni jambo la simu zenyewe: mtu akipokea simu, kivinjari kinanyang'anywa maikrofoni. Tutawaandikia wanafunzi maelezo mafupi yenye picha, pamoja na jinsi ya kuzuia skrini isizime.

Katikati ya kipindi Profesa aliuliza kwa nini tunagawanya kwa n kutoa moja na si kwa n, yaani idadi ya data. Kimya. Akasubiri kama tulivyoagana. Kisha ikaja sauti ya mama yule wa Tandahimba, na nyuma yake kuku: "Shikamoo Profesa. Nadhani ni kwa sababu wastani wenyewe tumeshautoa kwenye data ile ile, kwa hiyo namba moja haina uhuru tena." Profesa akamwomba aeleze zaidi kwa mfano wa alama za wanafunzi wake. Akaeleza, na wengine wakamdakia kwa sauti, kutoka Songea, kutoka Kigoma. Kwa dakika kadhaa mhadhiri hakusema neno.

Nilikuwa naangalia grafu ya seva wakati huo. Mikondo ya sauti imepanda, video imetulia. Hivi ndivyo nilivyotaka grafu ya darasa ionekane.

Mei, wiki ya nne

Umeme ulikatika ukumbini dakika ya ishirini ya kipindi cha sheria. Seva ina UPS (betri ya akiba) na jenereta, ukumbi haukuwa na kitu. Mhadhiri aliingia tena kwa simu yake akaendelea. Tangu leo kila ukumbi una UPS ndogo ya ruta na kompyuta, na kila mhadhiri anaingia kipindini kwa vifaa viwili, simu ikiwa imenyamazishwa. Vikikatika vya ukumbini, anafungua maikrofoni ya simu na somo linaendelea.

Juni, wiki ya kwanza

Rekodi. BigBlueButton inahifadhi sauti, slaidi, mistari ya ubaoni na gumzo kila kimoja peke yake, kisha inavioanisha baada ya kipindi. Kazi hiyo inakula kichakataji, kwa hiyo tumeipanga ifanyike kuanzia saa 6 usiku, darasa lolote lisije likakwama kwa ajili ya kipindi cha jana.

Kutoka hapo tunatengeneza matoleo matatu kwa programu ya ffmpeg. La kwanza ni sauti pekee. La pili ni video ya 240p na la tatu 360p, zote kwa kodeki ya H.264, kwa sababu simu za zamani zinaifungua kwa chipu yake bila kuchoma betri. Slaidi hazihitaji fremu (picha) 25 kwa sekunde, tumeweka 5. Fremu kamili inawekwa kila sekunde 2 ili vipande vikatike sawasawa na anayerukia katikati ya somo asisubiri. Kwa slaidi na sauti peke yake, toleo la 240p linatoka jepesi kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kurudia kipindi kizima kwa bando la siku.

Toleo la sauti ndilo linalopakuliwa kuliko yote. Muuguzi mmoja anasikiliza farmakolojia ndani ya daladala akienda zamu. Kwa sababu hiyo tumewaomba wahadhiri waseme kwa maneno kile wanachokionyesha kwa kidole. "Hii hapa" haimsaidii aliye kwenye daladala. "Mstari wa pili wa jedwali, safu ya dozi" inamsaidia. Vituo navyo vinapokea nakala za rekodi usiku, mwanafunzi anakwenda na fleshi au memori kadi na kuondoka na muhula mzima bila kutumia bando lake.

Suala la ridhaa limechukua siku nzima na sijutii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatuhusu moja kwa moja: sauti ya mwanafunzi na jina lake kwenye gumzo ni taarifa zake binafsi. Kila kipindi sasa kinaanza kwa tangazo kwamba kinarekodiwa na kitakaa wapi na kwa muda gani. Kwenye uuguzi, mhadhiri anasimamisha kurekodi kila mazungumzo yanapogusa mgonjwa halisi.

Juni, wiki ya tatu

Tumepokea mwanafunzi kiziwi kwenye kozi ya sheria, na kanuni yetu ya sauti kwanza imekutana na mtu ambaye kwake mikono na uso ndiyo sauti.

Tumekaa naye na mkalimani wake wa Lugha ya Alama ya Tanzania, tukaanza upya. Mkalimani anapata kamera yake, na kamera hiyo ndiyo inayopewa kipaumbele kuliko ya mhadhiri. Ukubwa wa picha unaweza kupungua, mwendo haupaswi kupungua: tumeweka fremu 25 kwa sekunde, maana kwenye fremu chache vidole vinakuwa ukungu na sura ya mdomo inapotea. Slaidi zilizoridhika na fremu 5 na mikono inayohitaji 25 haziwezi kupimwa kwa kipimo kimoja. Ukuta nyuma ya mkalimani ni wa rangi moja, nguo yake haina michoro, taa inatoka mbele. Ukuta uliotulia unaiachia kodeki kilobiti zote iwape mikono.

Bando la mwanafunzi huyu litakuwa kubwa kuliko la wenzake, na si haki alipie yeye. Nimependekeza chuo kimlipie. Kuhusu kuuliza, yeye anauliza kwa alama na mkalimani anasema kwa sauti, kwa hiyo maikrofoni ya mkalimani iko wazi muda wote kama ya mhadhiri. Jana aliuliza kuhusu ushahidi wa kusikia kwa mtu mwingine, na mjadala wa darasa ukaacha slaidi kabisa.

Julai, wiki ya kwanza

Simu ya kawaida. BigBlueButton ina FreeSWITCH ndani yake, inayoweza kupokea simu ya kawaida na kumwingiza mpigaji kwenye darasa kwa namba ya siri ya kipindi. Tumeunganisha namba moja ya majaribio. Mwanafunzi aliyeko mahali pasipo data lakini penye mnara wa simu alipiga, akasikia kila kitu na akaongea. Ubora ni wa simu, maneno yanaeleweka.

Tatizo ni gharama ya muda wa maongezi, inayomwangukia yeye. Tunataka namba ambayo chuo ndicho kinacholipa. Mazungumzo na kampuni za simu yameanza.

Julai, wiki ya tatu

Maombi ya muhula ujao yameandikwa. Seva ya pili ya BigBlueButton pamoja na Scalelite ya kugawa madarasa kati ya hizo mbili, kwa sababu kozi ya ualimu inataka kujiunga na saa zao zinagongana na za sheria, zote saa 2 usiku. Maikrofoni za kola kwa kila mhadhiri, zikae mikononi mwake na si kwenye kabati la stoo. Namba ya simu ya bure. Saa za mkalimani kwa vipindi vyote vya kozi ya sheria, semina zikiwemo.

Kikao cha bajeti ni Jumanne. Kwenye rasimu iliyorudi kutoka uhasibu, mkalimani na namba ya simu vilikuwa vimewekwa safu ya "mengineyo", inayokatwa kwanza fedha zikipungua. Nimevihamishia vyote viwili kwenye gharama za kufundishia, karibu na mishahara ya wahadhiri wa muda, na Profesa wa takwimu amekubali kuja kikaoni kuitetea safu hiyo.